Tupeane uzoefu: Rivolva iliyokatwa ncha ya nyundo hulipua risasi kama kawaida?

Ndugu wenye vyeti halali vya silaha, hasa mlio Nakuru, Kisumu na Magharibi, salaam. Naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja ameyaona mwenyewe kuhusu rivolva zilizokatwa ncha ya nyundo. Ncha hiyo, yaani kile kishikio cha nyundo kinachovutwa kwa kidole gumba, hunasa kwenye koti au mfukoni mtu anapoitoa silaha, na ndiyo sababu wengi huomba iondolewe. Ninachotaka kujua ni kama nyundo iliyopunguzwa uzito bado huigonga fataki ya risasi (kile kilipuzi kidogo kilicho kwenye kitako chake) kwa nguvu ya kutosha.

Naanza na yangu, Smith & Wesson ya .38 Special. Fundi aliyesajiliwa aliikata ncha lakini hakuigusa springi kuu, na tangu hapo sijapata risasi iliyokataa kulipuka. Alinieleza kwamba nguvu ya pigo hutoka kwenye springi, na nyundo huibeba tu mpaka kwenye fataki; ikiwa nyepesi, springi ileile huisukuma kwa kasi zaidi, na kwa hiyo kinachopotea kwenye uzito hurudi kwa sehemu kubwa kwenye mwendo.

Mchangiaji, Kisumu:
Mimi niliinunua yangu ikiwa imekwisha kukatwa, kwa kufuata taratibu zote za kisheria. Uwanjani, katika kila silinda moja (ile sehemu inayozunguka yenye matundu ya risasi), risasi moja au mbili hazikulipuka, na fataki zake zilikuwa na alama isiyo na kina ya pini inayozigonga. Kila mtu aliyeziona aliilaumu nyundo. Fundi alipofungua mpini alikuta skrubu inayokaza springi bapa imelegezwa, bila shaka ili kifyatulio kiwe chepesi kuvuta. Aliikaza mpaka mwisho, akasafisha mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye njia ya pini, na tatizo likaisha huku nyundo ikiwa ileile iliyokatwa. Kwa hiyo anayetaka kununua rivolva ya namna hii na aulize ni nini kingine kilichoguswa siku ncha ilipokatwa.

Mchangiaji, Kakamega:
Kuna jambo ambalo halijatajwa. Mzee mmoja wa huku alikuwa na mazoea ya kukoki nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, na silaha yake haikumsumbua kamwe. Baada ya ncha kukatwa ilimbidi avute kifyatulio moja kwa moja, na risasi zikaanza kukataa. Nyundo iliyokokiwa kwa kidole hurudi nyuma zaidi kuliko inayoinuliwa na kifyatulio, kwa hiyo hushuka kutoka mbali na hupiga kwa nguvu zaidi. Springi ya mzee ilikuwa imechoka siku nyingi, ila ule mtindo wake wa kukoki ulikuwa ukiuficha udhaifu huo. Nashauri silaha ijaribiwe kwa kuvuta kifyatulio pekee kabla ya msasa wowote kugusa nyundo.

Mchangiaji, Nakuru (fundi wa silaha mstaafu):
Nawashukuru, mmeeleza vizuri. Mkanganyiko huu una historia. Waingereza walipotoa rivolva ya kijeshi ya Enfield No. 2 Mk I* mwaka 1938, waliondoa ncha ya nyundo ili isinase ndani ya vifaru, na papo hapo wakaifanya springi kuwa nyepesi. Mabadiliko hayo mawili yamekwenda pamoja mara nyingi tangu wakati huo, na lawama ya springi huangukia nyundo.

Wapiga shabaha wa Marekani hutumia springi nyepesi sana kwa kuwa hujiundia risasi zao wenyewe, wakichagua fataki laini za kampuni ya Federal na kuzizamisha barabara mahali pake. Fataki iliyoachwa juu kidogo hula pigo la kwanza kwa kuingia ndani, kisha hulipuka kwa pigo la pili. Sisi hununua risasi zilizopo kwa mwuzaji aliyesajiliwa, na fataki zake huenda zikawa ngumu. Ushauri wao wa springi usifuatwe huku, hasa kwa silaha ya kujilinda.

Na ninawasihi: risasi isipolipuka, elekezeni mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30. Msivute tena upesi, kwa sababu silinda itazunguka, na fataki iliyochelewa inaweza kulipuka tundu lake likiwa limekwisha kuuacha mtutu.

Mchangiaji, Bungoma:
Je, rivolva ya .22 nayo ni hivyo hivyo?

Mchangiaji, Nakuru (fundi wa silaha mstaafu):
Hiyo ihurumieni zaidi. Kilipuzi chake kimo ndani ya ukingo wa ganda, wala hakienei sawasawa kila wakati, na pini sharti iuponde ukingo wenyewe. Ikikataa, zungusheni risasi hiyo kidogo ndani ya tundu ili ipigwe upande mwingine, baada ya kusubiri zile sekunde 30. Ikilipuka upande wa pili, huenda kasoro ilikuwa ya risasi. Zikikataa nyingi mfululizo, mpelekeeni fundi aipime springi.