Kadi mpya ya grafiki inazima kompyuta nikianza kuekspoti, na plagi inanuka kuungua

mpigapicha_mwz
Habari za usiku wakuu. Nipo Mwanza, kazi yangu ni video za harusi na sendofu. Mashine ninayotumia ni ya ofisini, mtumba wa Dubai, prosesa i5-4590, rami GB 16. Juzi nikajilipua nikanunua kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, maana harusi moja ilikuwa inanikesha hadi alfajiri.

Nilipoichomeka mara ya kwanza skrini ikaleta maandishi kwamba nizime, nichomeke nyaya za umeme za kadi. Kufungua boksi, pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, haina waya wa namna hiyo kabisa. Nikarudi dukani, kijana akanipa adapta: upande mmoja soketi ya pini 8, upande wa pili plagi mbili bapa za SATA, zile za hadi diski. Ikawaka! Draiva zikaingia, nikaediti siku nzima bila shida. Lakini nikibonyeza ekspoti ili video itoke ikiwa kamili, dakika mbili tatu tu skrini inakuwa nyeusi, feni za kadi zinavuma kama zinataka kupaa, halafu mashine inajiwasha upya. Jana ikaongezeka harufu, kama mfuko wa nailoni uliosogea karibu na jiko.

Je, nimeuziwa kadi feki? Jumamosi natakiwa kukabidhi kazi na bwana harusi ananipigia kila asubuhi.

RisasiNaPasi
Zima sasa hivi na uchomoe ukutani. Kisha toa hiyo adapta utuambie plagi zake za SATA zina rangi gani.

kandambili
Mkuu huo ni umeme wa mtaani kwenu unayumba. Nunua stabilaiza. Friji yangu ilikuwa hivyohivyo.

mpigapicha_mwz
Stabilaiza ninayo kaka. Nimetoa adapta: plagi moja imekuwa kahawia pembeni na plastiki imelegea, ukiishika inabonyea.

RisasiNaPasi
Nilijua. Kadi yako ni nzima, tena imevumilia sana.

Ipo hivi. Kadi inachukua umeme sehemu mbili. Pale inapokaa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75, na kinachobaki kinapita kwenye plagi ya juu. Plagi ya pini 8 imepangiwa wati 150. RTX 3060 ikikamuliwa inafika wati 170. Sasa tazama SATA: pini zake za volti 12 ni tatu, vijipini vyembamba, kila kimoja ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Mbili zinakuwa 108 kwa hesabu ya karatasi, lakini nina hakika zote mbili umezichomeka kwenye waya uleule mmoja unaotoka pawa saplai. Ukiwa unaediti kadi inasinzia, ndiyo maana unaona mambo shwari. Ukiekspoti inaamka, na mzigo wote unapita kwenye vipini ambavyo kazi yake ni kulisha diski.

Ubaya mwingine wa hizo adapta, zinaidanganya kadi. Kwenye pini 8 kuna pini ambazo kadi inazitazama ili ijue imeunganishwa kwenye waya wa wati 150. Adapta inazifunga tu, kadi inaamini, inaanza kuvuta. Mimi fundi, na hazikai mezani kwangu.

Soma kibandiko cha pawa saplai kimeandikwa wati ngapi.

mpigapicha_mwz
290. Na ndiyo, ni waya mmoja.

mama_pikseli
Mdogo wangu, piga hesabu. Prosesa hiyo ni wati 84, kadi 170, tayari 254. Zimebaki 36 za diski, rami, feni na mazabodi yenyewe. Hata ungepata waya safi, hiyo pawa saplai ingekuangusha. NVIDIA wenyewe, waliobuni kadi hiyo, wanashauri 550.

Kama duka litakubali, badilisha uchukue GTX 1650 isiyo na tundu la umeme juu. Hiyo inaishi kwa zile 75 za mazabodi. Angalia vizuri lakini, ziko 1650 nyingine zenye tundu la pini 6.

mpigapicha_mwz
Kadi sirudishi dada. Nimeshaionja.

kandambili
Lakini mbona hata RTX 4090 ziliyeyuka plagi mwaka 2022, na wenye nazo walikuwa na pawa saplai za maana?

RisasiNaPasi
Plagi ile ni nyingine kabisa, ya pini 16, na kadi ile inakula wati 450. NVIDIA walisema nyingi zilikuwa hazijasukumwa hadi mwisho. Yake ni RTX 3060 ya pini 8, tusimchanganye.

mpigapicha, tafuta pawa saplai ya 550 inayoeleweka. Usichukue ile nyepesi kama boksi la viatu. Ila mazabodi za maofisini nyingi hazina soketi ya kawaida ya pini 24. Dell nyingi za umri huo zina pini 8, HP nyingi zina pini 6, hivyo utahitaji adapta ya mazabodi yako hasa. Hiyo adapta naikubali. Na humo utakuta nyaya mbili zinazofanana: ya prosesa imegawanyika 4 na 4, ya kadi ni 6 na 2. Usilazimishe ya prosesa iingie kwenye kadi, volti na ardhi zimepangwa kinyume. Na kama nyaya zake zinachomoka pande zote, usichukue waya wa pawa saplai nyingine hata kama umeingia vizuri.

mpigapicha_mwz
Alhamisi, saa tano usiku. Nimefunga 550, mazabodi imewaka, lakini yale maandishi ya kwanza yamerudi! Nichomeke nyaya za umeme. Si nimechomeka?

mama_pikseli
Vile vipini 2 vya pembeni vimeingia, au vinaning'inia?

mpigapicha_mwz
...

mpigapicha_mwz
Vilikuwa vinaning'inia. Nilidhani ni vya ziada. Nimevibana pamoja na vile 6, nikasukuma hadi klipu ikalia tak. Harusi nzima imetoka kwa dakika 40, na plagi nimeigusa, ina uvuguvugu tu.

kandambili
Hongera. Sasa ile pawa saplai ya zamani unaiuza bei gani?

RisasiNaPasi
Akikupa, kata kwanza ule waya wa SATA.