Gemu la zamani lisilouzwa tena: kulipakua bila ruhusa ni wizi?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mimi napenda yale magemu ya kuzunguka handakini kwa macho ya mhusika mwenyewe. Unabonyeza, unasogea mraba mmoja. Unabonyeza tena, unageuka nyuzi 90. Mbele yako ni ukuta, mlango au giza, na usipohesabu hatua umepotea.

Wengi tunaanzia na Wizardry la 1981, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead: ngazi 10 za chini ya ardhi, kila moja miraba 20 kwa 20, na ramani unaichora mwenyewe kwa penseli. Mwaka 1987 likaja Dungeon Master la FTL Games. Humo zimwi halikusubiri zamu yako; lilikujia wewe ukiwa bado unapanga alama za uchawi. Hofu ile sijaipata kwenye gemu jingine lolote.

Shida ni kuyapata. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti kuhusu magemu yaliyotoka Marekani kabla ya 2010: asilimia 87 hayakuwa sokoni tena. Na sheria ya huko inailinda kazi ya kampuni kwa miaka 95 tangu itolewe. Kwa hesabu hiyo, gemu la 1987 litakuwa huru mwaka 2083. Flopi gani, zile diski laini zilizobeba magemu hayo, itafika huko?

Msimamo wangu: mwenye haki akiwa analiuza, nunua. Kama hauzi, kulipakua si wizi, na sheria iseme hivyo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Mali ya mtu haiwi ya umma kwa sababu ameifungia kabatini. Hilo Wizardry unalolisifu limefufuliwa na kampuni ya Digital Eclipse, toleo kamili likatoka 2024, na chini ya picha mpya inaendeshwa programu ileile ya Apple II, kompyuta ya enzi hizo. Nani angetia fedha zake kwenye kazi hiyo kama kila mtu angekuwa na ruhusa ya kujichukulia? Na mwenye kiu ya miraba anayo Legend of Grimrock la 2012. Hata ramani unaweza kuizima ukachora yako.

Mleta mada

Grimrock nimelicheza na nalipenda sana, lakini mjukuu si babu. Huwezi kumwambia anayetafuta kitabu cha zamani asome kipya kinachofanana nacho.

Kuhusu kabati: FTL waliweka kwenye flopi ya Dungeon Master sehemu ambazo kila zikisomwa zinatoa jibu tofauti. Nakala ya kawaida haikuweza kuiga tabia hiyo, na gemu likigundua linakatika katikati ya safari. Ilikuwa kinga hodari. Kampuni yenyewe ilifungwa miaka ya 1990, flopi zinaendelea kuoza, na kila nakala inayookolewa lazima kwanza ipite kwenye kinga hiyo. Waliojifunza kuivunja waliitwa maharamia. Leo tunawahitaji kama tunavyowahitaji watunza nyaraka.

Mchangiaji wa pili

Nadhani wote wawili mmeruka maktaba. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti magemu yasiyouzwa wakiwa mbali. Wenye makampuni walihofia watu watayatumia kujiburudisha tu. Lakini riwaya ya maktaba si watu wanaiazima wajiburudishe? Mimi sitaki kila mtu apakue ovyo. Nataka maktaba iazimishe gemu kama inavyoazimisha kitabu.

Mleta mada

Hoja hiyo naikubali, na narekebisha kauli yangu: mlango wa kwanza uwe maktaba. Mchangiaji wa kwanza pia yuko sahihi kwamba gemu lililofufuliwa lilipiwe, nami nitalilipia.

Lakini ndugu yangu, bado hujanijibu kuhusu gemu ambalo halijafufuliwa, kampuni yake imekufa na maktaba imezuiwa kuwafungulia walio mbali. Anayetaka kuona hatua ile ya mraba mmoja ilivyokuwa mwaka 1987, siyo kusimuliwa, unamwelekeza wapi?