Matanga yameanuliwa, mama hazungumzi. Wafiwa wakikutana waongeeje?

Mwana wa Rangi Tatu: Wakuu, naomba ushauri. Hapa Mbagala mama mmoja amefiwa na mume na mtoto katika ajali moja. Wageni wameondoka, mama kimya. Kila anayepita humwambia "jikaze, wenzio wamefiwa zaidi". Sasa majirani 5, nao wafiwa, wanataka kukaa naye wazungumze. Waanzie wapi? Naogopa watamwongezea.

Nesi Mstaafu: Watamwongezea kikao kikigeuka mashindano ya machungu. Mmoja anamtaja mwanawe, wa pili anadakia "mimi wawili", wa kwanza anafunga mdomo na wiki ijayo haji. Mteueni mmoja wa kusimamia zamu za kuzungumza. Watu 6, dakika 10 kila mmoja, ndani ya saa moja na nusu mmemaliza. Anayezungumza asikatizwe wala asishauriwe. Akilia msikimbilie kumnyamazisha, ngojeni.

Msianze na "unajisikiaje?", swali hilo halishikiki. Muulizeni marehemu alipenda kula nini, alikuwa akibishaje hodi. Asiyetaka kusema apewe mchele achambue. Mikono ikipata kazi, mdomo hulegea.

Kinachofaa kusikia kwa mfiwa mwenzako ni mambo madogo: nguo za marehemu alizitoa lini, kitandani analala na nani sasa, watoto aliwaambiaje. (Watoto waambiwe "amefariki". Ukisema "amelala" wataogopa kulala. Ukisema "amesafiri" watamsubiri mlangoni.)

Jirani wa Uani: Siku iwe moja kila wiki, baada ya alasiri. Jumamosi hapana, ngoma ya kigodoro ya mtaa wa pili itawakuta mkilia. Na msianzishe mchango! Kikishakuwa kikoba, asiye na elfu mbili atatoweka. Kama yuko eda, miezi 4 na siku 10, wao ndio waende kwake. Cheti cha kifo cha RITA kifuatilieni ninyi, asipangishwe foleni.

Mwana wa Rangi Tatu: Usiku halali. Nimnunulie vidonge dukani?

Nesi Mstaafu: Hapana, dawa ya usingizi ni ya kuandikiwa na daktari. Chai ya rangi na kahawa ziishe saa 8 mchana, asubuhi akae juani, na mchana asilale zaidi ya nusu saa. Akisema amesikia sauti ya mumewe sebuleni msishtuke, hutokea sana kwa wafiwa. Ila akisema anataka kuwafuata, au sauti inamwamrisha, au amekataa hata maji, asiachwe peke yake dakika moja na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Vilevile ikipita miezi 6 na bado hawezi hata kuoga au kupika, mpelekeni, hata kama hajasema neno baya.

Mwana wa Rangi Tatu: Yuko eda. Basi Jumatano, uani kwake. Wa kusimamia zamu nitamwomba shangazi, yeye haogopi kumkatiza mtu dakika zake zikiisha.

Jirani wa Uani: Shangazi huyo mwelezeni kwanza kwamba naye ana dakika 10.