Nimepungua, nifanyeje kilo zisirudi?

Mama Nasra: Habari zenu wapendwa. Nimetoka kilo 92 hadi 78 na sitaki zirudi kabisa. Nina duka Kariakoo, naishi Kimara, hela ya gym sina. Jioni nashuka basi la mwendokasi pale Baruti, natembea hadi Kimara Mwisho na mfuko wa mboga mkononi. Inatosha?

Kaka Mudi: Hongera sana dada! Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila aliyepungua mara nyingi anahitaji zaidi ya 150, kwa sababu mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo. Sahani ya zamani itakurudisha kulekule.

Bi Zuhura: Mwanangu, usisahau misuli, angalau siku mbili kwa wiki. Mimi nikisubiri maharage yaive nakaa na kuinuka kwenye kigoda, mikono nimekunja kifuani. Mapaja yanawaka moto!

Mama Nasra: Ahsanteni. Na kuzunguka dukani je?

Kaka Mudi: Kunasaidia, bora kuliko kukaa. Ila hizo dakika 150 hesabu mwendo wa haraka: kuongea unaweza, kuimba huwezi.