Wanafunzi wa 1966 walidhulumiwa au walideka?

Kibonge_wa_Mabibo
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza, tumepewa asaimenti ya DS (Development Studies), chagua maandamano yoyote ya wanafunzi Afrika uonyeshe dhuluma waliyopinga. Darasa zima likakimbilia Soweto 1976 maana ile haina ubishi. Mimi nikajifanya mjuaji nikachukua ya kwetu, wale wa chuo kikuu hapa Dar walioandamana mpaka Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima. Ilikuwa miaka miwili, unaanza kambini, halafu miezi 18 uko kazini unapokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akasema hamlazimishi mtu, ila chuo wakisahau. Karibu 400 wakarudishwa makwao. Sasa lekchara kanirudishia karatasi, pembeni ya aya ya pili kaandika kwa wino mwekundu: dhuluma iko wapi hapa? Alama sisemi. Wajuzi naomba msaada, walidhulumiwa au walideka?

Mzee_wa_Ukonga
Walideka, kwisha habari. Mkulima wa pamba anakulipia chuo, unaambiwa urudishe miaka miwili tu unabeba bango eti afadhali ukoloni. Miaka mitano baada ya uhuru! Tena wameenda na majoho ya chuo mwilini, hapo Azimio la Arusha limeshatangazwa viongozi wamejinyima, wao wanalilia mshahara ambao hata hawajaanza kuupata. Ningekuwa mimi hata nauli nisingewapa. Lakini nyie vijana wa siku hizi mnaokaa JKT miezi mitatu mkapiga picha na magwanda mkarudi kwa mama hamuwezi kuelewa.

mangi_asiye_na_duka
Mzee Azimio ni Februari 1967, maandamano yalitangulia. Na usisahau wale wanafunzi walilalamikia pia mishahara minono ya viongozi, Mwalimu akajikata wake asilimia 20 palepale. Sasa kama hawakuwa na hoja alijikata wa nini?

Binti_Mujibu
Mzee wangu shikamoo, hiyo ya "kurudi kwa mama" umenigusa pabaya. Mimi nimepita mujibu wa sheria, ile JKT ya lazima ya waliomaliza form six, picha gani unazosema wakati simu tulinyang'anywa getini? Nilipewa buti namba 9 mimi navaa 6, nikawa nachomeka soksi mbili mbele na bado linapwaya, wiki ya kwanza kisigino chote kimechubuka nyama nyekundu inaonekana, nikamwambia afande, akanijibu nikimbie kwa vidole. Ugali tunakula huku tumechuchumaa hujamaliza filimbi imelia. Halafu anakuja mtu aliyekaa kwenye kochi ananiambia nilienda kupiga picha.

Koplo_wa_Kujitolea
Hahahaa mujibu nao wanasimulia vita. Dada miezi mitatu hiyo kwetu ilikuwa bado tunafundishwa kugeuka kulia. Sisi wa kujitolea miaka miwili, tumefyatua tofali, tumelima, tumelala lindo na mvua yetu, na hatukulia na mtu. Uzalendo huo.

Nuru_Kigambo
Uzalendo gani kaka yangu, mnaenda kutafuta ajira na wala si dhambi. Hao hao wa kujitolea walijenga ukuta wa machimbo ya tanzanite Mererani, wakafanya kazi Ikulu Chamwino, wakasubiri ajira ya jeshi waliyosema waliahidiwa, kimya. Mwaka 2021 walipotaka kwenda kumwona Rais wakafukuzwa vijana 854. Mambo ya JKT, safari ya Ikulu, unarudishwa kwenu. Sasa Mzee wa Ukonga na hao tuseme walideka? Hao hawakuwa na majoho.

Mzee_wa_Ukonga
Wewe binti usichanganye mambo. Kambini hakuna maandamano, ule ni utovu wa nidhamu, jeshi lolote duniani lingewatoa.

Nuru_Kigambo
Kwa hiyo msomi akidai anadeka, na asiye msomi akidai hana nidhamu. Tutajie basi anayeruhusiwa.

Mzee_wa_Ukonga
Anayeruhusiwa ni mwenye adabu. Nyumbani kwenu hukufundishwa.

mangi_asiye_na_duka
Mzee taratibu, sasa unaingiza nyumbani kwao. Na kwani 1966 ulikuwa na umri gani wewe?

Mzee_wa_Ukonga
Nilikuwa darasa la pili na nilikuwa na akili kuliko wewe leo.

Kibonge_wa_Mabibo
Jamani turudi kwenye mada, naomba. Nimesoma zaidi. Waliofukuzwa 1966 wengi walirudishwa chuo mwaka uliofuata, na marehemu Samuel Sitta alikuwa mmoja wao, akaja kuwa Spika. Sasa mwaka 1978 wanafunzi wa Mlimani, chuo hicho hicho, wakaandamana tena, safari hii wanapinga wabunge na mawaziri kujiongezea mishahara na marupurupu, yaani walikuwa wanasema yale yale aliyohubiri Mwalimu mwenyewe. Nao wakafukuzwa kwa mamia. Wa kwanza wanatetea mifuko yao, wa pili wanatetea kodi ya mkulima wa pamba, wote adhabu moja. Ndiyo maana naona lekchara anauliza kana kwamba dhuluma lazima iwe kwenye kile walichodai, mimi nataka kuihamishia kwenye jinsi walivyojibiwa. Hiyo hoja itasimama nikiomba kusahihishiwa upya?

Koplo_wa_Kujitolea
Dogo, lekchara habishiwi, subiri UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Binti Mujibu sema ukweli, lindo ulikaa mara ngapi?

Binti_Mujibu
Kuliko wewe ulivyokuwa unajificha jikoni kwa mama wa mboga, wa kujitolea tunawajua.

Koplo_wa_Kujitolea
Aaah sasa umevuka mpaka. Taja kombania yako.

mama_Salma_Lindi
Samahani kuwakatisha wanangu, naona mnajua mambo ya JKT. Mtoto wangu kamaliza form six kapangiwa Bulombora kule Kigoma na sisi tuko Lindi, nauli ni ya kwetu au wanarudisha? Na hayo mabuti mtu anaruhusiwa kwenda na ya kwake?