Seva ya chati inakataa paswadi kila alfajiri, isipokuwa Ramadhani

fundi_langoni
Assalaam aleikum. Mie ni fundi wa simu hapa Langoni, Lamu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali, ndimi mwangalizi wa seva ya chati ya chama chetu cha wenye boti. Tunatumia ejabberd, programu ya kuendesha chati. Wanachama wana akaunti kwenye tovuti ya chama, paswadi zimo kwenye MySQL (hifadhidata) zikiwa zimefumbwa kwa bcrypt. Sikutaka kumbebesha mzee wa miaka 60 paswadi ya pili, basi nikaandika skripti (programu ndogo) ya Python: ejabberd inaiuliza kama huyu ndiye, nayo inatazama MySQL na kujibu 1 au 0.

Mchana kutwa mambo shwari. Alfajiri, manahodha wa kuvusha abiria Mokowe wakifungua simu wanaambiwa paswadi si sahihi. Mmoja ameshabadilisha yake mara 3. Tovuti inamkubali, chati inamkataa. Nikiamka nikaizima ejabberd na kuiwasha tena, wanaingia.

Kinachonitia wazimu: Ramadhani nzima haikutokea hata siku moja. Baada ya Idi ikarudi. Jirani yangu anasema seva ilikuwa imefunga saumu.

bi_seva
Waaleikum salaam. Tuambie skripti inasoma na kujibu vipi, balaa huwa hapo. ejabberd haitumi mstari wa kawaida. Inatuma baiti 2 za urefu, kisha maneno kama auth:jina:seva:paswadi, na inangoja baiti 4: 0, 2, 0, halafu 1 au 0. Ukiacha print moja (amri ya kutoa maandishi) ya kujichunguzia, herufi zake zinaingia katikati ya majibu na yote yanavurugika. Na flush, amri ya kusukuma jibu litoke papo hapo, usiisahau.

fundi_langoni
print nilizitoa zamani, bibie, na flush ipo. Skripti inafungua MySQL mara moja inapowashwa, kisha inazunguka ikingoja maswali. Kukitokea kosa lolote, except (kipande cha skripti kinachonasa makosa) inarudisha 0.

mwana_malindi
Ushajijibu, kaka. Ramadhani nani analala huko kwenu? Watu wanachati tangu tarawehe mpaka daku, skripti inaulizwa usiku kucha. Miezi mingine tuseme wa mwisho anaingia saa 3 usiku, wa kwanza saa 11 alfajiri. Hesabu hapo. wait_timeout ya MySQL, kama hukuigusa, ni sekunde 28800, yaani saa 8 kamili. Muunganisho uliokaa bure muda huo unakatwa kimya kimya, na skripti yako inabaki inavuta kamba isiyo na nanga. Tovuti haipatwi kwa sababu, bila shaka, inafungua muunganisho mpya kwa kila ukurasa.

Kosa kubwa zaidi ni hiyo except. Imegeuza "nimeshindwa kuuliza" kuwa "paswadi si sahihi", ndiyo maana mzee wa watu anahangaika. Liandike kosa kwenye faili, usilimeze. Kisha fungua muunganisho kwa kila swali (chama cha boti hakiwezi kuilemea MySQL), au ukiwa na PyMySQL (maktaba ya Python ya kuongea na MySQL) ita ping(reconnect=True), inayounganisha tena palipokatika, kabla ya kuuliza. Kuongeza wait_timeout ni kuahirisha tu.

bi_seva
Naafiki. Na mawili ya pembeni. Unapokata yale maneno kwenye nukta mbili, kata mara 3 tu: split(':', 3), maana paswadi nayo yaweza kuwa na nukta mbili. Pia kwa njia hii ejabberd lazima ipokee paswadi yenyewe ilivyo, SCRAM (njia ya kuthibitisha bila kutuma paswadi yenyewe) haifanyi kazi. Lazimisha TLS (kufumba mawasiliano yakiwa njiani), usimwachie mtu aingie bila hiyo.

fundi_langoni
Nimejaribu jana. Nikashusha wait_timeout hadi sekunde 60, nikawasha upya, nikangoja dakika 2 na kuingia kwa akaunti isiyotumika siku nyingi, kwa kuwa ejabberd hukumbuka majibu ya karibuni. Nikakataliwa! Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile. Nikaweka ping, nikakubaliwa, nikairudisha 28800 nikalala.

Alfajiri hii wote wameingia isipokuwa yule mzee. Nikamfuata gatini nikamuuliza paswadi yake ya mara ya 3 ni ipi. Ina nukta mbili katikati. Ameambiwa na mwanawe kwamba alama huongeza usalama. Naenda kurekebisha split.