Tupeane uzoefu: waifai haipandi ghorofani, nani amevuta waya ikakubali?

Kipara wa Njiro

Wadau, habari za Jumapili. Nimemaliza vita ya miezi minne na waifai ya nyumbani na najua humu siko peke yangu.

Nakaa Njiro, nyumba ya ghorofa moja. Faiba (waya wa kioo unaoleta intaneti) iliingilia sebuleni, fundi wa kampuni alikuwa na haraka, ruta akaiacha nyuma ya TV kwa kuwa waya wake uliishia hapo. Chini mambo safi. Ukipanda, pale kwenye kona ya ngazi unabaki na mstari mmoja. Vyumbani hamna kitu. Binti yangu yuko kidato cha nne, akawa anakaa kwenye ngazi na daftari magotini anapakua mitihani ya nyuma, kila anayepita inabidi amruke. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikanunua kale kadude ka kuchomeka kwenye soketi, ka kurusha mawimbi mbele. Nikakachomeka juu, simu ikajaza mistari yote, nikamwita mama watoto aje aone. Video ikazunguka weee. Akaniangalia, akashuka zake jikoni bila neno.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kadude kale kanapokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inakatwa nusu hata kakikaa pazuri. Na mimi nilikaweka mahali ambapo kenyewe kalikuwa hakaisikii ruta. Ile mistari iliyojaa ni ya simu na kadude, haikuwa inaniambia lolote kuhusu kadude na ruta iliyo chini ya slabu ya zege na nondo. Waifai ina mawimbi ya aina mbili: ya GHz 5 yakifika kwenye slabu ile yanakufa, ya GHz 2.4 yanajikongoja.

Basi nikavuta waya. Mita 22 za Cat6 (waya wa mtandao) kutoka nyuma ya ruta, zikapanda na ukuta wa ngazi ndani ya trankingi nyeupe, ule mfereji wa plastiki, hadi koridoni juu. Huko nikachomeka ruta ya zamani iliyokuwa inakula vumbi kabatini. Kifurushi changu ni cha kasi ya Mbps 20. Kwa kadude nilikuwa napata 3, siku ikiamka vizuri. Sasa juu napima 18.

Leteni zenu, hasa zilizowaharibikia.

Mangi wa Rau

Mimi nilifanya kama wewe, ila niliruka hatua moja nikaizima nyumba nzima.

Ruta yangu ya zamani nayo ilikuwa inatumia anwani (namba yake kwenye mtandao) 192.168.1.1, sawasawa na ile kubwa, na DHCP yake iko hai, yaani nayo inagawa anwani kwa kila simu inayoingia. Nikachomeka waya, nikanawa mikono, nikakaa. Dakika kumi hazijaisha, simu moja inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, nyingine inakwenda, TV imeganda. Mama mkwe alikuwa mgeni wetu, yuko katikati ya ibada ya mtandaoni, mchungaji amebaki mdomo wazi kwenye skrini. Ikabidi nimwambie kampuni inafanya matengenezo. Mungu anisamehe.

Nyumba ina wagawaji wawili wanaojiita jina moja. Aliyepewa anwani na ruta ya juu anaelekezwa kutokea kwa ruta ya juu, na yenyewe haina pa kutokea.

Nilichofanya: nikaichomoa, nikaiunganisha na laptopu peke yake kwa waya mfupi. Nikabadilisha anwani yake ikawa 192.168.1.2, nikazima DHCP, nikahifadhi. Jina la waifai na nywila nikaweka zilezile za chini. Ndipo nikairudisha kwenye waya mrefu, na waya nikauchomeka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo lile la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) lenye rangi ya peke yake. Ile anwani mpya nikaiandika kwenye plasta nikaibandika chini ya ruta, maana baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka.

Kipara wa Njiro

Mangi ngoja kwanza. Mimi nimechomeka kwenye WAN na inapiga kazi. Nimekosea?

Mangi wa Rau

Intaneti utapata. Ila huko juu umefungua kaya nyingine. Simu za juu ziko kwenye mtandao wao, vya chini viko kwenye wao. Una printa?

Kipara wa Njiro

Ipo sebuleni. Kumbe! Binti amelalamika wiki nzima kwamba akiwa juu printa haionekani, nikamwambia ashuke aache uvivu.

Chalii wa Sombetini

Mimi nilihamishia kitanda sebuleni. Gharama sifuri.

Mama Stesheneri

Nyie mna bahati, waya wenu ni wa kweli. Mimi nina duka la stesheneri Moshono, kompyuta na printa ziko juu, ruta chini. Nikampa kazi fundi umeme aliyekuwa ananiwekea taa, nikidhani waya ni waya. Akapitisha wa mtandao kwenye konduiti (bomba) moja na nyaya za umeme. Mchana inashika, inakatika, inashika. Wateja wanasubiri nakala za vyeti, mimi nazunguka na ruta kama mwenye kuku mgonjwa.

Mdogo wangu alikuja na kile kipimo chenye taa nane, moja kwa kila uzi wa ndani ya waya. Zikawaka moja, mbili, tatu, halafu ya sita ikawa inapepesa ukiugusa waya. Akakata kichwa cha waya, akachukua kisu akakwangua uzi mmoja. Nje rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba! Ukiukunja kwenye kona mara mbili tatu unakatikia ndani ya ganda lake na kwa nje huoni kitu. Tangu siku hiyo nikienda dukani naomba wembe kabla ya kutoa hela. Muuza akinuna najua.

Tuliuvua wote. Mpya ni shaba tupu, una njia yake mbali na umeme. Vichwa alibana yeye huku akiimba rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili vilevile. Nimeishika kichwani, naweza kukuimbia usingizini.

Mdau Kimya

Dada, hata nyuzi nne tu zikikubali (1, 2, 3 na 6) mtandao unapita, ila unaishia Mbps 100. Ukitaka gigabiti (Mbps 1000) lazima zote nane ziwe hai. Kwa vifurushi vyetu wengi hawatagundua mpaka wazeeke.

Mpangaji Sakina

Je sisi wapangaji? Mwenye nyumba wangu akisikia drili anapiga simu kabla sijatoboa. Nilinunua waya bapa, ule mwembamba kama utepe, nikaupitisha kwenye upenyo wa dirisha la sebule, ukapanda kwa nje, ukaingia dirisha la chumbani. Umekaa miezi saba. Juzi nimeona ganda linapasuka upande unaopigwa jua.

Mdau Kimya

Lazima lipasuke, ule ni wa ndani. Wa nje huwa na ganda jeusi linalovumilia jua, au upitishe kwenye bomba. Kabla ya kuvuta mwingine angalia kama nyumba ina bomba la zamani la antena ya TV lililofukiwa ukutani. Nyumba nyingi za zamani linapanda hadi darini na halina kitu ndani. Funga uzi kwenye kipande cha sponji, upande wa pili weka mashine ya kunyonya vumbi, uzi utapita wenyewe. Mwenye nyumba hatasikia drili.

Babu Kiboriloni

Vijana, mimi sina ghorofa, nina nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, kubwa na ile ya vijana nyuma. Mita 40 hivi, na shaba inakwenda hadi mita 100, kwa hiyo kipimo hakikuwa tatizo. Nikaupitisha juu juu, kutoka kenchi hadi kenchi, katikati nikaufunga kwenye mparachichi.

Masika, mwezi wa nne, radi ikapiga mti wa jirani. Wa jirani, siyo wangu. Usiku ule ruta zote mbili zikafa, na TV iliyokuwa imechomekwa kwa waya kwenye ruta nayo ikaenda. Nilifungua ruta nikakuta chipu karibu na matundu imeungua, harufu ya plastiki ikakaa sebuleni siku mbili. Radi si lazima ipige waya wenyewe. Ikipiga karibu, waya mrefu ulio hewani unaokota umeme wake na kuupeleka pande zote mbili.

Sasa kati ya nyumba na nyumba nimeweka faiba, na kila mwisho kuna kile kiboksi cha kugeuza mwanga kuwa shaba. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Ghorofa ndani ya nyumba moja, shaba inatosha, msiogope. Ukitoka nje ya kuta ndipo uanze kufikiri.

Kipara wa Njiro

Shikamoo babu, hiyo nimeinakili. Swali jingine: nikishuka chini simu inaendelea kung'ang'ania ruta ya juu hadi nizime waifai niwashe.

Mangi wa Rau

Marahaba sipokei mimi, ila jibu ninalo. Simu ndiyo inayoamua lini ihame, na simu nyingi ni wabishi. Punguza nguvu ya kurusha ya ruta ya juu, mipangilio ya ruta nyingi inayo. Na kwenye GHz 2.4 weka ruta ya chini chaneli (njia ya mawimbi) 1, ya juu 11, zisipigiane kelele.

Mama Stesheneri

Na umeme ukikatika? Ya chini nina betri yake, ya juu inazima, tunarudi palepale.

Mdau Kimya

Ya juu nayo inunulie betri ndogo ya volti 12, ila soma kwanza nyuma ya adapta ya ruta yako. Kuna za volti 9.

Kipara wa Njiro

Mrejesho, saa tatu usiku. Nimehamisha waya kutoka WAN kwenda LAN, nimezima DHCP, nimeweka .2 na nimebandika plasta. Jaribio la kwanza sikupata kitu, kumbe sikubonyeza kuhifadhi. La pili limekubali. Binti ametuma mtihani wa Fizikia akiwa kitandani, printa ya sebuleni ikaanza kunguruma peke yake, mama watoto akashtuka. Kurasa 14. Wino umeishia ya 9.